Mgongo wa Mbuta na Swali la Aibu

Vijana wangu, mtu akiingia kwangu hapa Obunga, kitu cha kwanza anachokiona ukutani si picha ya harusi wala kalenda. Ni mgongo wa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Umekauka, umekuwa rangi ya chai ya maziwa, nimeufunga kwa waya, na paka wa jirani huja kuutazama kila asubuhi kwa huzuni. Watu hucheka. Mchungaji mmoja aliniuliza kama ni uganga. Nikamwambia hapana, huyo ni mwalimu wangu. Aliondoka bila kumaliza chai.

Nitawaambia ulifikaje hapo. Lakini mjue kwamba shule niliiachia darasa la tatu, na nikianza habari huwa napita njia ndefu. Mtanivumilia. Muda mnao, kwa maana nawaona mmekaa na hizo simu, shingo zimening'inia kama za kuku walioshindwa kufa vizuri. Nashtuka nikiwaona. Na mimi si mtu wa kushtuka ovyo, nilifanya kazi miaka mingi katika chumba cha fizio.

Fizio, kwa asiyejua, ni chumba cha hospitali ambapo hupewi sindano. Unanyooshwa, unakunjwa, unafundishwa kutembea upya, kuketi upya, hata kuokota kitu chini upya, na wewe una ndevu. Niliingia pale miaka ya themanini kama mfagiaji. Nikafagia, nikafagia, nikaanza kushika wagonjwa wasianguke kwenye vile vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, nikapewa kazi ya kuyeyusha nta ya kuchovyea mikono yenye maumivu, na mwishowe nikawa mtu wa kuonyesha mazoezi, kwa sababu wazee wengi waliona haya kuonyeshwa na mwanamke jinsi ya kuinua makalio.

Mwanamke mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba. Sista Rehema. Mzaliwa wa Kisumu hii hii, nyumba ya Waislamu, baba mtu wa pwani na mama Mjaluo wa Nyakach. Alikugombeza kwa Kiswahili safi kabisa, halafu akamalizia kwa Dholuo usije ukasema hukusikia. Mfupi, mtandio kichwani, viganja vigumu kama vya fundi wa viatu. Hakuwa muuguzi, alisomea viungo, lakini siku hizo kila mwanamke aliyevaa nyeupe tulimwita Sista na hakuna aliyelalamika.

Siku zangu za kwanza alinikuta nikiinua ndoo ya maji ya kupigia deki. Akaniambia nisimame hapo hapo.

"Bwana Odongo, hiyo ndoo umeiinua kwa nini?"

"Kwa mkono, Sista."

"Hapana. Umeiinua kwa mgongo. Mkono umeshika tu."

Nikashtuka. Mtu mzima, nina mke, nimebeba ndoo tangu utotoni, leo naambiwa sijui. Akanifundisha. Sogea hadi mzigo ukuguse, usiufuate kwa mbali kama unaogopa utakuuma. Tanua miguu. Kunja magoti na nyonga, mgongo ubaki mrefu. Kaza tumbo kama mtu anayengoja ngumi. Halafu inuka na miguu, mzigo umeukumbatia kama mtoto. Na ukitaka kugeuka, geuza miguu yako, usikisokote kiuno kama unayekamua nguo. Basi. Hiyo ndiyo elimu yote, na hailipiwi karo. Lakini nendeni pale gatini mkawaangalie wapakiaji, mniambie ni nani anayefanya hivyo.

Alikuja mama mmoja kutoka Pap Onditi, mwuza nyanya, kiuno kinamchoma hadi anatembea ameinama. Mimi nikajua jibu: kubeba karai kichwani. Sista alijaza karai mifuko ya mchanga, akamwambia, mama, hebu tubebee. Tukamtwika. Yule mama alikizunguka chumba chote hakuna kilichotikisika, shingo imesimama, kama bibi harusi. Sista akamwambia aweke chini, halafu aliinue tena peke yake, kama anavyofanya nyumbani. Yawa! Aliinama miguu imenyooka, akalivuta hadi gotini, akajisokota, akalirusha kichwani kwa mgongo mtupu. Sista alifunga mdomo kwa mkono.

"Huko nyumbani ni nani anakutwika?"

"Nani tena, Sista? Bwana yuko Kericho anachuma majani chai."

Akaambiwa hivi: karai lisitoke chini kabisa. Liweke kwanza juu ya kitu cha kimo cha kiuno, hata kichuguu, ndipo ulipeleke kichwani. Na nyanya zigawe, nenda safari mbili. Alirudi baadaye amenyooka, na jogoo kwapani kama shukrani. Jogoo akamponyoka, akapanda kifuani kwa mzee mmoja aliyekuwa amefungwa kwenye kile kifaa cha kuvuta shingo, hawezi kugeuka, hawezi hata kufukuza nzi. Yule mzee alipiga kelele wakaja hadi watu wa maabara. Sista alicheka mpaka mtandio ukaanguka.

Mwingine alikuwa mwalimu wa chuo kule Maseno, mpole sana, shingo imekakamaa. Alitaka sindano. Sista alimwuliza analalaje, anasomaje, anakulaje, hadi akakubali kwamba husoma vitabu kitandani, kichwa kimeinuliwa na mito mingi, kidevu kimezama kifuani. Ninyi hapo mnaosoma simu mkiwa mmelala, mnajiona? Mtu wa shingo alale na mto mmoja tu. Kitabu kipande juu kikufikie machoni, si macho yakishukie. Na ukikaa, simama kabla mwili haujakuomba, zungusha mabega, tembea hadi mlangoni, urudi.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni magoti. Kwetu goti likiuma, mtu hukaa. Watoto wanamletea maji, wanamletea chakula, anakaa. Sista alikuwa anawainua. Nilidhani ni ukatili. Ananiambia, Bwana Odongo, kiungo hakina bomba la chakula kama nyama, kinakula kikisogea. Ukikifungia, kinakufa njaa. Kwa hiyo tuliwafundisha kuinuka kwenye kiti bila kushika, kuketi polepole, kuinuka tena, ili nyama ya paja ipate nguvu ya kubeba goti. Halafu kutembea, kila siku, kidogo kidogo. Wengine walinitukana. Mzee mmoja alisema amekuja kuponywa na sio kuingizwa jeshini. Na huyo huyo baadaye nilimkuta kule ufuko wa Dunga akitembea kando ya ziwa na fimbo ameipachika kwapani, ameisahau.

Nimepotea? Hapana, tunafika.

Viwanda vya samaki vilipofunguliwa hapa, mnofu wa mbuta ukaanza kupanda ndege kwenda ng'ambo, sisi tukabaki na kichwa na mifupa. Mifupa ile tuliiita mgongo wazi, na akina mama wa Obunga wakaikaanga na kuiuza. Dada yangu Apiyo alikuwa mmoja wao. Siku moja Sista akaniomba nimletee mgongo mbichi kutoka kwa dada yangu, ule mkubwa, usiokatwa. Nikafikiri anataka supu.

Aliulaza juu ya meza ya wagonjwa, kwenye gazeti. Akapenyeza kisu kati ya pingili mbili, akazitenganisha, na hapo katikati ukatoka ute mzito, unang'aa kama wa yai. Nilikuwa nimekula mgongo wazi sijui mara ngapi bila kuuona ute huo.

"Kwako si hivi hasa," akasema, "lakini si mbali. Kati ya kila pingili kuna kimto. Nje kigumu, ndani laini. Ukiinama vibaya na mzigo kila siku, kinasukumwa nyuma kidogo kidogo. Na huko nyuma ndiko zinakopita nyuzi za fahamu. Za miguu. Na za haja."

Akaniambia kwamba migongo mingi inayouma si ya kuogopa. Inapona kwa kutembea, kwa joto, kwa kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua makalio taratibu, kwa kutolala kitandani siku nzima ukijihurumia. Lakini nyuzi za chini kabisa zikibanwa, mtu anakufa ganzi pale anapokalia, na mkojo unagoma. Hapo hakuna zoezi, hakuna kuchua, hakuna nta ya moto. Hapo ni kumkimbiza mtu kwa daktari wa kupasua, na ukichelewa, hisia hazirudi tena. Kwa hiyo kila mgongo unaoingia hapa, kabla hujaugusa, uliza: umekojoa? Unasikia mahali unapokalia? Miguu ina nguvu?

Sikula mchana huo. Nilikuwa naiona migongo ya watu njiani, kila mtu amebeba ute wake kama yai kwenye mfuko, na hajui.

Lakini lile swali, vijana. Ninyi mnaongea chochote mbele ya yeyote. Sisi, kumwuliza mtu mzima habari za mkojo wake ilikuwa kumvua nguo. Mwanzoni nilikuwa nauliza huku natazama dirishani, nusu sauti, kama naongea na ndege. Sista akanigeuza uso kwa mikono yake. Uliza ukimtazama, akasema. Ukiona haya wewe, yeye atadanganya.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Mimi na Apiyo ni pacha. Yeye alitangulia, ndiyo maana akaitwa Apiyo, mimi nikafuata, Odongo. Aliyezaliwa baada yetu akaitwa Okelo, kwa sababu mtoto anayefuata pacha kwetu jina lake linamngoja. Na katika ukoo wetu ilishikiliwa kwamba mgongo ukikataa kupona, mtu alazwe kifudifudi, pacha amkanyage. Tangu tukiwa wadogo tuliitwa kwenye nyumba za watu. Wazee wanalala chini kwenye ngozi, sisi tunapanda, tunatembea toka kiunoni hadi mabegani, tunapewa karanga. Na wengi waliinuka wakisema wamepona. Nilimhadithia Sista, nikidhani atakasirika. Akasema uzito wa mtoto juu ya nyama iliyokazana, mbona hata yeye angeupenda. Lakini nyinyi si watoto tena, akasema.

Okelo alikuwa nguvu ya nyumba yetu. Alibeba mgongo wazi kwa baiskeli, kutoka lango la kiwanda hadi Obunga, gunia linadondosha maji ya samaki na mbwa wanamfuata nyuma kama gwaride. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza. Nilikuwa nimemwona jinsi anavyoinua yale magunia, na nimemwambia. Alikuwa ananicheka. Omera, ndugu yangu, alisema, hospitali yenu inafundisha watu kuokota ndoo, mimi nabeba samaki.

Siku ya balaa hakuwa amebeba kitu chochote. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo. Alikuwa ameinama kufunga kamba ya gunia, akapiga chafya. Chafya tu. Akabaki pale pale ameshika baiskeli, hawezi kunyooka wala kuanguka. Waliomleta nyumbani walisema alikuwa anacheka kwa maumivu, maana hakujua afanye nini kingine.

Mimi sikuwepo, nilikuwa nimetumwa Ahero na kazi. Apiyo akafanya alichojua. Alimlaza, akapanda, akatembea mgongoni mwake kama tulivyofanya maisha yetu yote. Okelo akasema afadhali. Kesho yake asubuhi maumivu yakashuka mguuni kama moto. Mama yetu alikuwa amekuja kutoka Nyakach kumtazama mke wa mwanawe, na yeye ndiye aliyetoa hukumu: Apiyo ni nusu. Amefanya nusu. Iliyobaki ni ya Odongo.

Nilirudi kazini mchana huo, nikamkuta jirani kwenye lango la hospitali ananingoja. Mama anakuita, akasema, na amesema usichelewe, viatu utavua huko huko.

Nilikuta uani kwetu pamejaa watu. Okelo amelazwa kwenye mkeka kivulini, kifudifudi, leso ya mkewe kiunoni. Mama yuko kwenye kigoda. Apiyo yuko kwenye jiko lake, karai la mafuta linachemka, lakini hakuna anayenunua, wote wamekuja kuona. Nikamsalimu Mama.

"Mwenzako amemaliza upande wake," akasema. "Panda."

Nilivua viatu. Sitawadanganya, nilivua. Mama yako akisema panda mbele ya watu, mguu unatii kabla kichwa hakijafikiri. Nikasimama juu yake, nikainua mguu wa kulia, na nilipoangalia chini nitaukanyaga wapi, nikaona nyayo zake. Mmoja ulikuwa umesimama kwenye vidole, kama mtu alalavyo. Mwingine ulikuwa umelala upande, umelegea, kama si wake.

Nikarudisha mguu chini. Nikachuchumaa karibu na sikio lake, nikamwuliza kwa kunong'ona.

"Odongo, usinifanyie aibu," akasema.

Nikakumbuka mikono ya Sista ikinigeuza uso. Nikashika kichwa cha ndugu yangu, nikamtazama machoni, nikauliza kwa sauti ya kawaida, na uani kote wakasikia: umekojoa leo?

Nilisikia mafuta ya Apiyo tu.

Mama aliinuka kutoka kwenye kigoda. Aliniuliza, kwa upole wa kutisha, kama hicho ndicho serikali ilichokuwa ikinilipia miaka hiyo yote, kuja kuuliza mkojo wa mtoto wake mbele ya mke wake na majirani. Nilikuwa namngoja Okelo.

"Tangu jana sijakojoa," Okelo akasema, uso kwenye mkeka. "Natamani, haitoki."

Nikapeleka mkono chini ya leso, nikamfinya pale mtu anapokalia. Nikamfinya hasa, kwa kucha.

"Nimekufinya wapi?"

"Hujanifinya."

Nikafinya tena, hadi alama ikabaki, nikaiona.

"Na sasa?"

"Odongo, si ufinye basi."

Vijana, mimi nimeona watu waliovunjika, nimeona ajali, nimeona mtu akiambiwa mguu utakatwa. Sijawahi kupata baridi kama ile. Na jua la Kisumu linawaka. Kwa sababu nilikuwa nimeshavua viatu. Mguu ulikuwa juu.

Nikasema anaenda hospitali sasa hivi. Mama akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa na vidole vya jembe, mama yetu.

"Kanyaga kwanza, halafu mpeleke unapotaka," akasema. "Sikuzaa wawili ili mmoja akanyage na mwingine awe wa maswali."

Sikuwahi kumkatalia. Sijui ningefanya nini, nawaambia ukweli, sijui. Lakini nikasikia chuu! nyuma yangu. Apiyo alikuwa ameshusha karai lake, na samaki bado mbichi ndani, akamwagia jiko maji. Moshi ukajaa uani. Mtu anayeuza Obunga hazimi jiko lake mchana kwa sababu ya mchezo.

"Leteni mkokoteni," akasema. "Na mng'oe huo mlango."

Tukang'oa mlango wa mabati. Sista alikuwa amenifundisha kwamba mtu wa mgongo habebwi kwa mikono na miguu kama mbuzi wa sherehe. Tulimviringisha mzima mzima kama gogo, kichwa, mabega na kiuno vikienda pamoja, tukamlaza juu ya mlango, na mlango juu ya mkokoteni. Apiyo akashika mpini mmoja, mimi mwingine. Mkewe alitembea kando amemshika mkono. Tulisukuma hadi hospitalini na sikuhisi kokoto hata moja, na nilikuwa pekupeku. Nilipogeuka ndipo nikamwona Mama. Alikuwa anatufuata kwa mbali, amebeba viatu vyangu.

Sista hakunipongeza wala hakunigombeza. Aliuliza yale maswali yale yale, akafinya pale pale, akatoka mbio. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke yule akikimbia. Daktari akaja, na kabla jua halijatua Okelo alikuwa kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa ya mbali, yenye wapasuaji wa mgongo.

Tukabaki kwenye benchi. Apiyo bado ananuka moshi. Akamwambia Sista kwamba jana alipanda juu yake. Akaeleza yote, alipoanza, alipopita, jinsi alivyosikia kitu chini ya kisigino akadhani ni ugonjwa unatoka. Halafu akauliza.

"Ni mimi?"

Nilitaka Sista aseme hapana. Angeweza kusema hapana, na tungeenda nyumbani. Alikaa kando yake.

"Kimto kilitoka kwenye chafya," akasema. "Kama mguu wako uliongeza, siwezi kukuambia, na hakuna atakayeweza. Ninachojua ni nani alizima jiko."

Apiyo hakulia hapo. Alilia baadaye, miezi mingi, kwa vipande vipande, akiwa anachuna magamba.

Okelo alipasuliwa. Mkojo ulirudi taratibu, kwa mpira kwanza, halafu wenyewe, na siku uliporudi alituma mtu aje kutuambia, habari ikatangazwa uani kama ya kuzaliwa mtu. Mguu mmoja unaburuta hadi leo. Magunia hakubeba tena. Alifungua banda la kutengeneza baiskeli, na nikamtengenezea meza ndefu ili baiskeli ipande juu imfikie mikononi, asiinamie gurudumu. Kijana ukipita pale, angalia ile meza, kisha uangalie mahali unapofanyia kazi yako wewe. Mwanawe alipozaliwa nilimwona akimwokota mkekani: akasogea karibu, akakunja magoti, akamkumbatia tumboni, akainuka na miguu. Nilitoka nje nikajifanya natazama mvua.

Apiyo aliendelea kuitwa kukanyaga watu. Hakukataa, kwa sababu desturi huikatazi kama unayezima redio. Lakini mtu akija pale kwenye samaki ameshika kiuno, kabla hajasalimu, Apiyo anamwuliza kwa sauti kubwa, mbele ya foleni: umekojoa? Wanaume wazima walikuwa wanageuka na kwenda bila samaki. Waliobaki na kujibu vizuri aliwachua kwa mikono yenye mafuta, na kuwaambia watembee. Walioshindwa kujibu aliwatuma kwangu. Sista aliniambia kwamba yule dada yangu anatuletea watu wa maana kuliko zahanati nyingine. Na siku aliyostaafu, Sista alinipa ule mgongo wa mbuta, ambao tulikuwa tumeuchemsha na kuukausha na kuutumia hadi waya ukaingia kutu. Ndio huo ukutani.

Aliyebaki ni Mama. Hakunitukana. Alirudi Nyakach, na kwa muda mrefu salamu zake zilikuwa zinakuja kwa Apiyo na kwa Okelo, zangu zinapotelea njiani. Nikienda kumwona, ananipa chakula, hanitazami. Okelo anatembea mbele yake, anamwona, lakini mimi nilikuwa nimemkatalia mbele ya watu, na nusu yangu ya kazi ilikuwa haijafanywa. Hilo halikumtoka. Viatu vyangu hakunirudishia. Nilivikuta siku moja chini ya kitanda chake, vimefutwa vumbi.

Halafu ukaja msimu wa kupalilia mtama, na yeye mzee tayari, na bado anapalilia ameinama mara mbili kama kisu kilichofungwa, ingawa nilishamnunulia jembe la mpini mrefu na akaanikia nguo. Asubuhi moja nikiwa hapa nyumbani, mlango ukafunguliwa bila hodi. Ni Mama, kutoka stendi, mkono kiunoni. Hakusalimu. Aliutazama mgongo wa mbuta ukutani, akatikisa kichwa. Akavuta mkeka wangu, akautandika mwenyewe, akashuka polepole kwa goti moja halafu lingine, hivyo hivyo ninavyofundisha, na sijui alijifunzia wapi. Akalala kifudifudi, uso ukutani.

Nilikuwa sijafungua mdomo.

"Nimekojoa asubuhi," akasema. "Nimekojoa tena sasa hivi, hapo nyuma ya nyumba yako. Pa kukalia nasikia, hiyo gari imenichoma kote. Miguu yote iko. Sasa vua viatu."

Nikavua.